Injini Ina Cheti cha Kuzaliwa, Babu Hana

Kwa bibi yangu, Susuni, kuna kopo la biskuti lililopitwa na biskuti zake zaidi ya miaka hamsini sasa. Ndani mna risiti za kodi, kadi ya TANU, rozari iliyokatika na picha moja tu. Mwanamume kijana amesimama pembeni mwa injini ya treni, mkono mmoja ameuegemeza kwenye chuma, mwingine kiunoni. Shati jeupe, kaptula, miguu peku. Nyuma ya picha kuna neno moja la penseli: Kisumu.

Huyo ni babu. Aliondoka mwaka 1957, ndoa ikiwa bado changa, na akarudi baada ya mavuno matatu. Kwetu hilo halikuwa jambo la ajabu. Susuni iko karibu na mpaka, na mpaka wenyewe ulichorwa na Waingereza na Wajerumani wakati Wakuria tuko pande zote mbili, hatujaulizwa. Vijana walikwenda KAR, wakaenda polisi, wakaenda mashamba ya chai Kericho. Wilaya yetu haikuwa na reli na mpaka leo haina. Aliyetaka kuliona gari moshi alikuwa na njia mbili: kuzunguka ziwa mpaka Mwanza, ambako Waingereza walifikisha reli kutoka Tabora mwaka 1928, au kupanda kaskazini mpaka Kisumu. Kisumu ilikuwa karibu zaidi. Kwa hiyo nimekua nikijua babu alifanya kazi ya kupakua mizigo stesheni ya Kisumu, na hiyo ndiyo picha ya ushahidi.

Nilipoanza uandishi wa habari niliipiga picha hiyo kwa simu, nikaikuza. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakuna mtu pale nyumbani aliyewahi kukiangalia. Juu ya bega la babu, kwenye bati la kibanda cha dereva, kuna tarakimu mbili, 59, zilizobaki zimekatwa na ukingo wa picha. Na chini yake kipande cha kibao chenye neno MOUNT.

Sasa, ili kuelewa kwa nini tarakimu mbili zinaweza kuvuruga historia ya familia, lazima niwaambie kidogo kuhusu watu wenye ugonjwa wa treni.

Uingereza kuna watu, wengi wao wanaume wa kawaida kabisa, makarani na walimu na mafundi, waliotumia maisha yao kusimama mwisho wa jukwaa la stesheni wakiwa na kamera na daftari. Kamera ilikuwa imeshuka bei tangu mwaka 1900, Kodak ilipotoa Brownie yake kwa dola moja. Daftari lilipata nguvu mwaka 1942, Ian Allan alipochapisha kijitabu cha kwanza cha namba za injini. Ukishaiona injini kwa macho yako, unapigia mstari namba yake. Basi, hiyo ndiyo burudani. Mimi niliposoma hivyo mara ya kwanza nilicheka.

Baadaye niliacha kucheka. Mwaka 1963 serikali yao ilitoa ripoti ya Beeching, iliyopendekeza kufungwa kwa stesheni 2,363 na takriban kilomita 8,000 za reli. Zilizolengwa zaidi ni zile reli za matawi, zinazoachana na njia kuu kwenda kwenye mji mdogo, soko, machimbo. Watu wakajua stesheni yao ina miezi tu. Wakatoka na kamera. Walipiga picha jukwaa, taa, bustani ya mkuu wa stesheni, treni ya mwisho na waliopanda treni ya mwisho. Tarehe 11 Agosti 1968 Uingereza iliendesha treni yake ya mwisho ya abiria ya mvuke kwenye njia kuu, na wenye kamera walikuwa wamejipanga kando ya reli kama watu wanaosindikiza jeneza.

Baada ya hapo wengine walifanya kitu kinachotuhusu: wakafuata mvuke ulikobaki. India, Afrika Kusini, na kwetu Afrika Mashariki, ambako injini zilizotengenezwa Manchester na Glasgow bado zilikuwa zinapanda milima. Kevin Patience alitoa kitabu chake kuhusu treni za mvuke za Afrika Mashariki mwaka 1976. Ukikifungua unakuta kila kitu: aina, namba, kiwanda, mwaka.

Ni katika maandishi ya watu wa namna hiyo ndipo nilipoipata 59 ya babu. Injini za aina ya 59 zilikuwa 34. Zilitengenezwa na Beyer Peacock ya Manchester na kuanza kazi mwaka 1955 na 1956. Zilikuwa za mtindo wa Garratt, yaani tangi la kuchemshia maji katikati, na mitambo miwili ya magurudumu, mmoja mbele, mmoja nyuma, ili jitu hilo liweze kukunja kona. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Hakuna reli yoyote ya upana wa mita moja duniani iliyowahi kuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuliko hizo. Na kila moja ilipewa jina la mlima wa Afrika Mashariki. Ndiyo maana ya lile neno MOUNT.

Tatizo likaja kwenye sentensi inayofuata. Injini hizo ziliagizwa kwa ajili ya njia ya Mombasa hadi Nairobi. Uzito wake ulihitaji reli nene. Njia ya kwenda Kisumu ilikuwa ya injini nyepesi.

Nilisoma sentensi hiyo mara tatu. Halafu nikageuza ile picha, nikaangalia tena neno la penseli.

Mwaka jana kazi ilinipeleka Nairobi, nikapata nafasi ya kwenda makumbusho ya reli, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Zimesimama pale nje, kwenye nyasi, kutu na rangi nyekundu iliyokolea. Nilikutana na mzee mmoja anayezifahamu kama mtu anavyofahamu ng'ombe wake. Nikamwonyesha simu.

"Kijana, hii picha ni ya wapi?"

"Kisumu, mzee."

Akaitazama, akatabasamu. "Hii haikwenda Kisumu. Hapa huyu mtu yuko Nairobi, au Mombasa, au njiani hapo katikati."

Akanizungusha. Injini namba 5918, Mount Gelai. Gelai, kama hujui, ni mlima wetu, uko karibu na ziwa Natron. Nyingine ya aina hiyo iliyosalimika, namba 5930, ni Mount Shengena, na Shengena ndicho kilele cha milima ya Upare. Ndogo zaidi, namba 3020, inaitwa Nyaturu, kwa heshima ya Wanyaturu wa Singida, kwa sababu kulikuwa na aina zilizopewa majina ya makabila. Halafu namba 6006, moja ya zile nyepesi zilizopewa majina ya magavana: Sir Harold MacMichael, gavana wa Tanganyika kuanzia 1934 hadi 1938. Nilijikuta nahesabu Tanzania yangu kwenye yadi ya watu. Reli ilikuwa moja ya nchi tatu. Mwaka 1977 Jumuiya ilivunjika, Tanzania ikafunga mpaka na Kenya, na mpaka haukufunguliwa tena hadi 1983. Kwetu Susuni hiyo ilimaanisha shangazi aliyeolewa ng'ambo kuwa mgeni wa nchi nyingine. Kwa injini ilimaanisha kubaki pale ulipokutwa.

Kilichoniuma pale makumbusho ni kitu kingine. Mount Gelai najua ilitoka kiwanda gani, mwaka gani, inabeba uzito gani. Ina cheti cha kuzaliwa. Babu alizaliwa "wakati wa nzige". Nimetazama mamia ya picha za treni za Afrika Mashariki zilizopigwa na wapenzi wa treni, na chini ya karibu zote kuna namba ya injini na jina la mahali. Dereva anayechungulia dirishani hana jina. Mchochea moto hana jina. Mama mwenye ndizi kichwani, ambaye mpiga picha labda alimsubiri apite, ndiye huyo kaharibu picha.

Mambo hayo hayakuanza na wao. Reli ya Uganda, iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika ziwani Desemba 1901, ilipigwa picha tangu ikiwa inajengwa. Ilijengwa na zaidi ya vibarua 30,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Lakini picha maarufu kuliko zote za reli ile ni ya mwaka 1909: Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, ameketi na wenzake kwenye benchi lililofungwa mbele ya injini, wanatazama wanyama. Aliyekuwa nyuma yao, akiendesha, haonekani.

Walioweka watu kwenye treni ile kwa uzito wao ni waandishi wa riwaya. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika A Grain of Wheat ya 1967, haoni haja ya kutuambia namba ya injini. Anatuonyesha vijana wakikimbilia stesheni ya Rung'ei kwa sababu treni ya abiria ndiyo mahali pa kuonana, kupendana na kuoneana wivu. M.G. Vassanji, mwaka 2003, akampa Vikram Lall babu aliyetandika reli hiyohiyo, na mjukuu anayeipenda hadi kuifanyia kazi. Nilikuwa nadhani riwaya zinatosha.

Hazitoshi, na hapo ndipo ninapowaomba radhi wale wazee wa daftari. Hakuna riwaya ingeniambia babu hakuwa Kisumu. Aliyeniambia ni mtu aliyesimama kwenye jua, asiye na habari na babu yangu, akaandika namba ya chuma kwa uaminifu.

Na sisi tungeweza kuandika wenyewe? Kamera tulikuwa nazo chache, na wenye nazo waliogopa. Stesheni, daraja na bandari ni sehemu ambazo kwa muda mrefu ukitoa kamera unaulizwa kibali. Mimi mwenyewe, na kitambulisho cha uandishi shingoni, niliwahi kufutishwa picha za stesheni na mlinzi aliyesimama juu yangu hadi ya mwisho ikafutika. Zilikuwa picha za benchi tupu na saa iliyosimama. Wakati huohuo matawi yetu nayo yanakufa kama yale ya Beeching, bila ripoti na bila wasindikizaji. Tawi la Gilgil hadi Nyahururu lililala miaka mingi, nyasi zikafunika mataruma. Mengine yana bahati: treni ya abiria ya Nanyuki ilirudi Desemba 2020, na ya Kisumu Desemba 2021. Siku hizi vijana wanapiga selfi dirishani. Naomba waandike tarehe. Waandike na jina la aliyekaa siti ya pili.

Nilirudi Susuni mwezi wa sita. Nilijiuliza njia nzima kama nimwambie bibi. Yeye ni mtu mzima, babu alikufa tangu 1994, ya nini kufukua? Lakini kazi yangu ni kuuliza watu wengine maswali yanayouma, nikaona si haki nyumbani niwe mwoga.

Nilimweleza taratibu, nikamwonyesha ile 59 niliyoikuza. Bibi hasomi, ila tarakimu anazijua vizuri kwa sababu ya soko. Akaigusa kwenye kioo cha simu kwa kidole.

"Kwa hiyo hapa si Kisumu."

"Si Kisumu, bibi. Nairobi, au mbele zaidi. Pengine Mombasa."

Akanyamaza. Nikasikia kuku wanavyoparua nje. Kisha akasema jambo ambalo kwa miaka yote ya kumhoji sikuwahi kulisikia.

"Mwalimu wa misheni aliniandikia barua nne. Kila moja nilimpelekea kuku. Zote tuliandika Kisumu."

Nikataka kusema kitu kuhusu vijana wa wakati ule, kwamba labda aliogopa ndugu wangemfuata, labda alipanda treni kwa udadisi tu na siku moja ikawa mwaka. Sikusema. Bibi alichukua ile picha halisi kutoka kwenye kopo, akaigeuza, akalitazama lile neno ambalo hakuwahi kuweza kulisoma na ambalo alilitunza miaka zaidi ya sitini.

"Huo mlima," akauliza, "unaitwaje?"

Nikamwambia injini zilikuwa 34, jina limekatwa, haiwezekani kujua ni upi.

"Hata huko," akasema, "alisimama akaficha jina."

Halafu akacheka, kicheko kifupi cha puani, akairudisha picha chini kabisa, chini ya risiti za kodi, akafunga kopo. Aliniambia nimpelekee maji ng'ombe kabla jua halijazama.