Historia ya Utambuzi wa Kanabinoidi Adimu katika Mmea wa Bangi, 1896–2019

Kemia ya bangi huelezwa mara nyingi kana kwamba ilianza na tetrahidrokanabinoli (THC), kisha ikateremka hadi kwenye misombo inayopatikana kwa kiasi kidogo. Ushahidi wa kihistoria unaonyesha mwelekeo tofauti. Msombo wa kwanza kutengwa ulikuwa mmojawapo wa misombo hiyo adimu, na kwa miongo kadhaa ulibebeshwa sifa isiyokuwa yake. Makala hii inajenga hoja kwamba uchache wa msombo hautokani na mmea peke yake. Hutegemea pia umri wa sampuli na namna ilivyoshughulikiwa.

Mwaka 1896 Wood, Spivey na Easterfield, waliokuwa Cambridge nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wao kuhusu charasi, yaani utomvu wa bangi kutoka India. Kwa kuukeneka walipata mafuta mazito mekundu yaliyolevya. Jina kanabinoli, lililotumika awali kwa mafuta yenyewe, baadaye lilibaki kwa msombo safi uliotengwa humo. Kwa kuwa mafuta yalilevya, ilidhaniwa kwamba kanabinoli ndiyo iliyolevya.

Dhana hiyo ilidumu hadi muundo wa kanabinoli ulipofahamika. Cahn alibainisha sehemu kubwa ya muundo huo mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mwaka 1940 Roger Adams huko Illinois, Marekani, na Alexander Todd huko Manchester, kila mmoja na wenzake, walikamilisha kazi hiyo kwa njia ya usanisi. Kanabinoli safi haikuonyesha nguvu iliyotarajiwa. Mwaka huohuo Adams alitenga pia kanabidioli kutoka katika bangi iliyoota mwituni Minnesota.

Maelezo kamili yalipatikana baada ya Gaoni na Mechoulam, wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli, kutenga THC na kubainisha muundo wake mwaka 1964. Molekuli ya THC ina atomi 30 za haidrojeni, ilhali ya kanabinoli ina 26. Tofauti hiyo ndiyo historia yenyewe: THC ikikaa muda mrefu penye hewa, mwanga na joto, hupoteza haidrojeni na kugeuka kanabinoli. Kwa hiyo, watafiti wa Cambridge walikuwa wametenga zao la kuchakaa kwa kiini walichokuwa wakikitafuta.

Kanabijeroli, iliyotengwa pia mwaka 1964, inatoa mfano wa upande wa pili. Katika mmea uliokomaa hupatikana kwa uchache kwa sababu asidi yake hutumika mapema. Utafiti uliofanywa Japani katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba vimeng'enya huibadilisha asidi hiyo kuwa asidi za THC, kanabidioli na kanabikromeni. Joto nalo huziondolea asidi hizo kaboni dioksidi. Hivyo basi, kanabijeroli ni adimu kwa kuwa chimbuko lake hutangulia mengine, na kanabinoli ni adimu kwa kuwa huja mwishoni.

Mfuatano huo una uzito kwa mwanahistoria. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kuwa wamepata mabaki ya kanabinoli katika vyetezo vya mbao kwenye makaburi ya Jirzankal, katika milima ya Pamir magharibi mwa China, yenye umri wa takriban miaka 2,500. Kwa kuwa kanabinoli hutokana na THC, mabaki hayo yalithibitisha kwamba bangi yenye THC ilichomwa pale makaburini.

Kwa upande mwingine, mfuatano huo unadai tahadhari. Maandishi ya karne ya 19 yaliyolalamika kwamba dawa za bangi zilikuwa na nguvu isiyotabirika hayapaswi kusomwa kama uthibitisho wa uzembe wa matabibu au tofauti za wagonjwa pekee. Dawa iliyosafirishwa kwa meli na kukaa ghalani haikufika ikiwa ileile iliyoondoka shambani. Vivyo hivyo, kipimo cha sampuli kuukuu hakiwezi, bila kuhesabu kanabinoli iliyomo, kueleza nguvu ya mmea siku ulipovunwa.