Ua na Uwanda: Habari za Kitengela

Mtu atokaye Nairobi kwa njia ya Namanga, akiisha kupita Athi River, huona nyumba za mawe zimesongamana, kila moja na ukuta wake na lango lake la chuma. Ndiyo Kitengela, katika Kajiado. Zamani uwanda huo haukuwa na ua. Wamaasai walichunga humo, na nyumbu wa Mbuga ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, walitawanyika humo wakati wa mvua.

Sheria ya mwaka 1968 iliwaandikia wafugaji ardhi kwa makundi. Lakini mwaka 1988 ranchi ya Kitengela iligawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake. Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Maana kundi haliuzi upesi, bali mtu mmoja mwenye karo ya kulipa, au aliyefiwa na ng'ombe kwa ukame, huuza. Mnunuzi naye si mwizi. Ni karani au mwalimu aliyechoka kupanga vyumba vya mjini, ataka watoto wake wapate mahali pa kucheza. Hununua kiwanja cha futi 50 kwa 100, akajenga kidogo kidogo, mwaka huu msingi, mwaka ujao paa.

Tangu mwaka 2000 baadhi ya wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka ili wasiweke ua. Fedha halali, lakini mbele ya bei ya viwanja ni haba mno. Hesabu ya mwaka 2019 ilikuta mjini Kitengela watu zaidi ya 150,000; nao nyumbu wamebaki wachache.