Mkono wa Mwenzi: Chimbuko la Kupokezana katika Mbio Ndefu za Baiskeli

Desturi ya waendesha baiskeli kupokezana zamu katika mbio za masafa marefu haikubuniwa na makocha, bali ilitokana na sheria iliyokusudiwa kuwanusuru wanamichezo. Mbio za siku sita, ambazo zilianza London mwaka 1878 na kuingia katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, mwaka 1891, zilimtaka kila mshindani aendeshe peke yake usiku na mchana, akiiba usingizi pale tu mwili ulipogoma, kwa kuwa ushindi ulikwenda kwa aliyekusanya maili nyingi zaidi. Madhara yake yalionekana waziwazi mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio: mwaka 1896 Major Taylor, Mmarekani mweusi mwenye umri wa miaka 18 ambaye baadaye alitwaa ubingwa wa dunia, alidai katikati ya mbio hizo kwamba kuna mtu anamkimbiza akiwa ameshika kisu.

Lawama za magazeti zilipozidi, majimbo ya New York na Illinois yalipitisha, mwishoni mwa miaka ya 1890, sheria iliyomzuia mtu yeyote kushindana kwa zaidi ya saa 12 kwa siku. Waandaaji, ambao hawakuwa tayari kupoteza mapato ya ukumbi uliofunguliwa usiku kucha, walipiga hesabu nyepesi na kuanzia mwaka 1899 wakaunda timu za watu wawili wawili. Sheria ilitiiwa neno kwa neno, lakini mbio hazikupoa hata kidogo, kwani aliyepumzika alirejea na nguvu mpya na kasi ikapanda. Charles Miller, akiwa peke yake, aliwahi kufikisha maili 2,000 na ushei, ilhali Alf Goullet na Alfred Grenda walifikisha maili 2,759 mwaka 1914, yaani karibu kilomita 4,440.

Ufundi wa kupokezana ulikua ndani ya mfumo huo, ambao hadi leo unaitwa madison kwa jina la ukumbi ule. Anayepumzika huzunguka polepole juu ya mteremko wa uwanja, kisha hushuka mwenzake anapokaribia kwa kasi. Wawili hao hushikana mikono, na anayetoka humrusha anayeingia mbele kwa mvuto mmoja, hivi kwamba kasi ya mmoja humhamia mwingine huku yeye mwenyewe akipoteza mwendo. Wengine walishona ndani ya kaptura, usawa wa nyonga, kipande kigumu cha kushikia, ili mwenzao awasukume kwa kukikamata badala ya mkono. Mchezo huo uliingia Olimpiki mwaka 2000, ukaondolewa baada ya 2008, na uliporejeshwa katika michezo ya Tokyo wanawake nao walishindana.

Barabarani mambo yalikuwa tofauti. Race Across America, mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani hadi pwani, takriban kilomita 4,800, zilianza mwaka 1982 zikiwa na washindani 4 tu, kila mmoja peke yake, na timu za kupokezana zilifuata baadaye. Huko kusukumana hakuruhusiwi: zamu huhesabiwa kuwa imebadilishwa gurudumu la mbele la anayefika linapolingana na gurudumu la nyuma la anayeondoka, na usiku kila mwendeshaji hufuatwa kwa karibu na gari la wasaidizi linalommulikia njia. Tahadhari hiyo ina sababu, kwani barabara hizo hazifungwi na malori hupita pembeni.

Chupa ya maji nayo hutazamwa kwa jicho lilelile la shaka. Katika mbio za barabarani kwa jumla, msaidizi aliye ndani ya gari anaweza kuishikilia chupa kwa sekunde kadhaa huku mwendeshaji naye akiing'ang'ania upande wa pili, akavutwa bila kupiga pedali. Kilicho halali kabisa uwanjani, yaani kurushwa na mkono wa mwenzi, barabarani huwa ni wizi wa mwendo unaoadhibiwa na waamuzi.