Ukurasa wa Pili

Kurt Hahn alizaliwa Berlin mwaka 1886, katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1920 alianza kuiongoza shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1932 wafuasi wa Hitler walimwua kibarua mmoja katika kijiji cha Potempa, mbele ya mama yake mzazi, na Hitler akawatetea wauaji. Hahn akawaandikia waliosoma kwake wachague: Salem ama Hitler. Mwaka uliofuata akatiwa ndani. Alipoachiliwa alihamia Uingereza, na mwaka 1934 akafungua shule ya Gordonstoun huko Uskoti.

Vita vilipopamba moto, Lawrence Holt, mwenye meli za biashara, alilalamika kwamba mabaharia vijana walikuwa wakifa ndani ya mashua za kuokolea hali wazee waliishi. Nguvu walikuwa nazo. Hawakujua kuwa wanazo. Basi mwaka 1941 yeye na Hahn wakaanzisha mafunzo ya Outward Bound huko Aberdovey, Wales. Baadaye mafunzo hayo yalifika hata kwetu Loitokitok, chini ya Kilimanjaro. Mwaka 1966 Kenya ikapata Tuzo ya Rais, yenye ngazi za Shaba, Fedha na Dhahabu: kuhudumia jamii, kujifunza ustadi, mazoezi ya mwili na safari ya miguu.

Mimi, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliiona Tuzo hiyo kama njia ya kukwepa vitabu. Tulikuwa na mwanachuo mwenye kigugumizi. Katika mazoezi ya kufundisha alisimama mbele ya watoto, akashindwa kutamka hata jina lake, akatoka nje. Niliandika kwenye faili lake kwamba hafai kuwa mwalimu. Niliandika upesi mno.

Mkufunzi mmoja alimwandikisha bila kuniuliza. Kijana akachagua kufuga nyuki, na kila Jumamosi akawa anachota maji katika zahanati. Kisha wakaenda Nyandarua, ukungu ukawafunika, na wenzake wasemaji wakaanza kubishana. Yeye ndiye aliyeshika ramani na dira akawatoa.

Muhula uliofuata niliketi nyuma ya darasa lake. Kigugumizi kilikuwa palepale. Alipokwama alitulia, watoto wakamngoja, akaendelea hadi kengele ilipolia.

Karatasi ya faili la serikali haichanwi. Jioni ile niliongeza ukurasa wa pili, nikatia sahihi.