Neno "Mganga" Baina ya Sheria na Hospitali

Neno mganga ni la kale kuliko hospitali zote za Afrika ya Mashariki. Mzizi wake umeenea katika lugha nyingi za Kibantu: Wakongo husema nganga, Wazulu inyanga, Washona n'anga. Katika Kiswahili kuganga ni kutibu, na pia kuunga kilichovunjika. Ndiyo maana tukaambiwa kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Katika asili hiyo hamna uchawi. Mchawi hudhuru, mganga huponya, ingawa wenye lugha walijua pia kwamba mkono uijuao dawa waweza kudhuru.

Sheria ya Uchawi ya Tanganyika ya mwaka 1928 haikuitunza tofauti hiyo. Ilitia ndani ya maana ya uchawi hata kule kudai kuwa na nguvu au maarifa ya siri. Kwa ufafanuzi huo mpiga ramli, ambaye kazi yake ni kutafuta chanzo cha maradhi, aliweza kushtakiwa sawasawa na yule aliyedaiwa kuyaleta. Mtu wa mizizi na majani hakukusudiwa. Lakini naye huitwa mganga, na doa likamwenea.

La ajabu ni kwamba cheo cha juu cha utabibu serikalini kimeitwa kwa neno hilo hilo. Hata leo Tanzania ina Mganga Mkuu wa Serikali, na mikoa na wilaya zina Waganga Wakuu wao, watu waliosomea udaktari wa kisasa. Lingaliweza kuchukuliwa tabibu, neno la Kiarabu lenye heshima. Naona uchaguzi ule ulikuwa mwema, kwani ulikiri kwamba kazi ni moja. Huko Kongo mapadre wa Kireno nao waliitwa nganga.

Hasara ilimpata mwenye jina. Ilibidi aongezewe "wa kienyeji", sifa ambayo twampa na kuku. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa zake, kikawa taasisi mwaka 1991. Na sheria ya mwaka 2002 ikaunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye kusajili waganga. Sheria ya 1928 haikufutwa. Hivyo mganga mmoja aweza kusajiliwa kwa sheria moja na kushtakiwa kwa nyingine, kwa kuwa aghalabu mgonjwa humtaka ataje chanzo kabla ya kutoa dawa.

Januari 2015, kufuatia mauaji ya watu wenye ualbino, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Katika mjadala huo lilivuma jina "ramli chonganishi", yaani ramli inayowagombanisha ndugu na majirani. Jina hili limepambanua kuliko ile sheria ya kale; maana likisemwa, lakiri kwamba iko ramli nyingine isiyochonganisha, na hiyo bado haijapewa jina na mtunga sheria yeyote.