Homa ya Papasi

Homa ya papasi huletwa na bakteria waitwao Borrelia duttonii. Vitabu vya tiba vya Kizungu huutaja ugonjwa huu kwa tabia yake ya kurudi: homa hupanda kwa siku tatu hivi, hushuka, mgonjwa akadhani amepona, kisha baada ya wiki moja hivi huibuka tena. Hurudi kwa sababu bakteria hubadili protini za nje za miili yao, kinga ya mwili isiwatambue. Kiswahili kimeutaja kwa mdudu anayeuleta, na jina hilo ni la kulindwa.

Siku hizi baadhi ya wafasiri huandika "homa ya kupe". Papasi na kupe ni wa jamii moja, ila makao yao ni mbali. Kupe ana gamba gumu, huvizia majanini na kumng'ang'ania mnyama kwa siku kadhaa. Ndiye anayewapeleka wafugaji joshoni wakihofia ndigana kali. Papasi ni laini, hujificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo. Usiku hutoka, hufyonza damu ya aliyelala, kwa kawaida chini ya saa moja, akarudi mafichoni. Mtu huamka na kipele kinachowasha asijue kilikotoka. Anayeambiwa ajihadhari na kupe atakagua mbwa na ng'ombe, wala hatatazama chini ya kitanda.

Mabingwa Joseph Dutton na John Todd waliuchunguza ugonjwa huu mashariki ya Kongo, wote wawili wakaugua. Dutton alifariki Kasongo mwaka 1905, na bakteria hao wakapewa jina lake. Wakati huohuo Robert Koch, akiwa Afrika Mashariki chini ya Wajerumani, alionyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake bakteria kupitia mayai. Papasi pia huweza kukaa miaka bila kula. Ndiyo maana nyumba iliyohamwa zamani bado inaweza kumuuguza mgeni.

Mambo haya yana uzito zahanatini. Kipimo cha haraka cha malaria hakiwaoni bakteria hawa; huonekana kwenye slaidi ya damu chini ya hadubini. Dawa zipo, zikiwemo doksisiklini na penisilini, lakini mjamzito anayecheleweshewa matibabu anaweza kupoteza mimba au kujifungua kabla ya wakati.

Kwa hiyo napendekeza "homa ya kujirudia" iwe jina la kundi zima, ikiwemo ile inayoenezwa na chawa wa mwilini, na "homa ya papasi" ibaki kwa hii ya majumbani. Mhudumu wa afya amuulize mgonjwa mwenye homa: "Mnakolala kuna papasi?" Jibu likiwa ndiyo, damu ichukuliwe ipimwe kwa slaidi, na familia ishauriwe kuziba nyufa, kusakafia nyumba kwa saruji na kuacha kulala chini.