Kuwatunza wazee wenye dimenshia mkoani Songwe

Dimenshia, ambayo nchini Tanzania huitwa pia ugonjwa wa usahaulifu, ni hali ya ubongo kudhoofika hatua kwa hatua hadi mtu anapungukiwa kumbukumbu, lugha, uwezo wa kutambua mahali na wakati, na mwishowe uwezo wa kujihudumia. Chanzo kikuu ni ugonjwa wa Alzheimer, ulioelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906. Kiharusi na presha ya muda mrefu ni chanzo kingine kikubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na hali hii, na zaidi ya asilimia 60 yao waliishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hakuna dawa ya kuiponya.

Mkoani Songwe, kama kwingineko Tanzania, mgonjwa hutunzwa nyumbani. Husemwa kuwa familia ndiyo inayomtunza, lakini kwa kawaida kazi humwangukia mtu mmoja: binti aliyebaki nyumbani, mkamwana, au mke ambaye naye ni mzee. Duniani kote wanawake hutoa takriban asilimia 70 ya saa za utunzaji huu.

Mkoa na mji wa Tunduma

Songwe ilimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Makao makuu yake ni Vwawa, wilayani Mbozi. Wilaya nyingine ni Momba, Ileje na Songwe. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 1.3. Wenyeji ni pamoja na Wanyiha wa Mbozi, Wanyamwanga wa Momba, Wandali na Walambya wa Ileje, na Wabungu walio karibu na Ziwa Rukwa. Mbozi inajulikana kwa kahawa na kwa kimondo chake.

Tunduma ni mji wa mpakani, ukitazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia na reli ya TAZARA hupita hapa, na kituo cha huduma kwa pamoja mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019 na Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu. Foleni za malori huziba barabara, bodaboda hupenya katikati yake, na watu wa miji hii miwili huvuka kwa miguu kila siku kwa biashara. Kwa nyumba yenye mzee anayepotea njia, mambo hayo yote ni hatari. Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka. Mzee aliyezaliwa upande wa pili akiulizwa kwao ni wapi, huenda akataja kijiji cha Zambia na kuanza safari. Tena wazee wengi wa mjini si wenyeji wa mtaa wanaoishi. Wameletwa na watoto wao kutoka vijijini baada ya kufiwa na mwenzi au baada ya kuugua, na kuhamishwa kwenda nyumba ngeni humzidishia mgonjwa mkanganyiko. Ikiwezekana, mzee aliyezoea kijiji chake abaki huko na msaada umfuate.

Utafiti wa Hai

Sehemu kubwa ya kinachojulikana kuhusu dimenshia Tanzania ilipatikana mbali na Songwe, katika Wilaya ya Hai mkoani Kilimanjaro. Madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya KCMC na wenzao wa Uingereza waliwapima wazee 1,198 wenye umri wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Baada ya kurekebishwa kwa umri, dimenshia ilionekana kwa asilimia 6.4 ya wazee hao.

Kazi ya Hai ilizaa pia kipimo kinachofaa kwa mzee ambaye hakusoma. Vipimo vingi vya kigeni humtaka mgonjwa aandike au achore, na mzee ambaye hajawahi kushika kalamu hushindwa hata kama akili yake ni timamu. Kipimo hiki, kinachoitwa IDEA, kinatumia njiti za kiberiti. Mhudumu hupanga njiti 4 mezani kwa umbo fulani, kisha humpa mzee njiti nyingine 4 na kumwomba apange vilevile. Mzee huulizwa pia leo ni siku gani, hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, na hukumbuka maneno 10 aliyosomewa. Muuguzi wa zahanati anaweza kujifunza kukitumia, na gharama yake haizidi kiberiti kimoja. Kipimo cha namna hii kilistahili kuwa katika kila zahanati ya Mbozi na Momba.

Huko huko Hai yalijaribiwa mazoezi ya kuchangamsha akili katika vikundi: vipindi 14 vya mazungumzo, nyimbo, michezo na kazi za mikono walizozizoea wazee wenyewe. Watafiti waliona nafuu kwa wagonjwa na kwa wanaowatunza. Mahojiano na familia yalionyesha kwamba wengi waliuona usahaulifu kuwa sehemu ya uzee, hivyo hawakuona haja ya kwenda hospitali.

Tuhuma za uchawi

Bibi anayetoka usiku, anayesema peke yake, anayesimama mlangoni kwa jirani asikumbuke alichofuata, huweza kuitwa mchawi. Mauaji ya wazee kwa tuhuma hizo yameitia Tanzania doa kwa miongo mingi. Yamejulikana zaidi Kanda ya Ziwa, lakini Nyanda za Juu Kusini nazo hazikusalimika, na wapiga ramli chonganishi, maarufu katika mikoa ya kusini magharibi kwa jina la lambalamba, wamechochea chuki hizo vijijini. Mwanamke mjane ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa sababu hiyo familia haipaswi kuuficha ugonjwa. Balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, mchungaji au shehe, na majirani wa karibu waambiwe mapema na kwa maneno ya wazi kwamba mzee wetu anaumwa ugonjwa wa ubongo, tumempeleka hospitali, na akionekana usiku arudishwe nyumbani kwa upole. Cheti cha daktari kinaweza kuokoa maisha hata kama hakikuambatana na dawa yoyote.

Mwongozo kwa wanaotunza

Jambo la kwanza ni kumpeleka mzee apimwe. Si kila usahaulifu ni dimenshia. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, huenda ana malaria, nimonia, maambukizi ya njia ya mkojo, upungufu wa maji au sukari iliyoshuka, naye anahitaji matibabu siku hiyo hiyo. Msongo wa huzuni, upungufu wa vitamini B12, tezi dundumio kufanya kazi chini ya kiwango, kaswende ya muda mrefu, VVU, na damu kuvia ndani ya fuvu baada ya kuanguka navyo huweza kufanana na dimenshia, na baadhi yake hutibika. Presha na sukari zidhibitiwe hata kama dimenshia imeshathibitishwa, kwa sababu kila kiharusi kidogo humrudisha mgonjwa nyuma.

Namna ya kusema naye ina uzito kuliko familia nyingi zinavyodhani. Jua likizama, wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi na kutaka kwenda kwao. Bibi akisema anaenda kwa mama yake, aliyezikwa miaka 40 iliyopita, kumjibu kwamba mama alishakufa ni kumtangazia msiba upya kila jioni. Mjukuu anayemshika mkono na kumuuliza, "Bibi, mama alikuwa anawapikia nini?" humpa nafasi ya kusimulia, na wakati anasimulia miguu hutulia. Maswali yawe mafupi, moja kwa wakati. Asipimwe kwa "unanijua mimi ni nani?" mbele ya wageni, mtoto ajitambulishe mwenyewe: "Shikamoo mama, ni mimi mwanao nimekuja." Heshima aliyokuwa nayo mzee haipungui kwa sababu amesahau majina.

Nyumba nayo irekebishwe. Jiko la mkaa lisibaki na moto pale anapoweza kulifikia, na lisiingizwe kamwe chumbani anakolala. Mafuta ya taa, sumu ya panya na dawa za shamba, ambazo hazikosekani kwenye nyumba za wakulima wa kahawa, zifungiwe. Ikiwa choo kiko nje, njia yake imulikwe usiku au awekewe ndoo chumbani. Namba ya simu ya nyumbani ishonwe kwenye pindo la kitenge au ndani ya koti. Mjini Tunduma, viongozi wa vijiwe vya bodaboda ni watu wa kuwaonyesha picha yake kabla hajapotea, maana hao wako barabarani toka alfajiri na hujuana hadi mpakani.

Kumfungia mzee chumbani kutwa au kumfunga kamba hutokea, mara nyingi kwa uchovu na si kwa ukatili, lakini humuumiza na humfanya awe mkali zaidi. Vivyo hivyo dawa za usingizi zinazonunuliwa kwenye maduka ya dawa bila cheti: humwangusha, huongeza mkanganyiko, na asubuhi humkuta amelowa. Akianza kupaliwa, aketishwe wima na apewe uji mzito au ugali laini kwa kijiko kidogo bila haraka.

Mambo ya shamba, nyumba na fedha yazungumzwe mapema, mzee angali na uamuzi wake, mbele ya mashahidi. Dole gumba lililowekwa kwenye karatasi ya mauzo na mtu asiyejua anachotia sahihi limevunja koo nyingi.

Mwenye kutunza naye ana mwili. Kikao cha ukoo kinapaswa kugawa zamu kwa majina na siku. Ndugu walioko Dar es Salaam au Mbeya wanaotuma fedha kwa simu wanasaidia, ila fedha hailali na mgonjwa. Waje wakae wiki moja, mwenzao alale. Wanawake wa kikoba kimoja, au wa WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) na vikundi vya akina mama wa Moraviani, wanaweza kupokezana mchana mmoja mmoja.

Huduma za afya

Mkoa una hospitali ya rufaa Vwawa. Ya kanda iko Mbeya, takriban kilomita 100 kutoka Tunduma, na hospitali ya taifa ya afya ya akili, Mirembe, iko Dodoma. Dawa zinazopunguza dalili kwa muda hazipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa.

Msaada wa serikali

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea. Kwa sensa ya 2022 hao walikuwa asilimia 5.7 ya Watanzania. Wazee wasiojiweza hupewa vitambulisho vya matibabu bila malipo, na vituo vya afya hutakiwa kuwa na dirisha la wazee. Maombi hupitia serikali ya mtaa au kijiji na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kaya maskini huweza kuingizwa katika ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Makazi ya wazee ya serikali yanayojulikana zaidi, kama ya Nunge, Kigamboni, na ya Kolandoto, Shinyanga, yako mbali na Songwe na ni ya wasio na ndugu. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima. Hao ndio walio karibu zaidi na mlango wa mgonjwa, iwapo watafundishwa dalili za dimenshia.

Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi, ambayo baadaye ilipandishwa hadi 50,000. Tanzania Bara haina malipo ya namna hiyo kwa wazee wote, na pande zote mbili za Muungano hazina fungu la yule anayewatunza.